Dawa ya Kikohozi, Nyumbani Hapana Anayekohoa

Mwanangu Mwanahamisi,

Salamu za kuulizana hali sizitii hapa, maana hali yako naijua. Umelala chumba cha pili, nasikia kitanda kikilia unapojigeuza, na mwanao Saumu ametulia ubavuni pako baada ya kutulilia sote tangu magharibi. Kesho garimoshi litakuchukua mpaka Moshi kwa mumeo. Barua hii nitaitia mkononi mwako pale stesheni, nawe usiifungue mpaka mpite Muheza. Ukiifungua mbele yangu nitakunyang'anya, najijua.

Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu za chuoni, zile alizonifundisha marehemu baba yangu, kwa kuwa za shule sizijui. Pahali mkono ulipotetereka utanistahimilia.

Mambo ya kukaa na mume, ya jiko na mkaa, na namna ya kuingiliana na majirani wa bara, hayo tumeyasema wiki nzima mpaka ukaanza kunijibu "ndiyo mama" kabla sijamaliza. Siyarudii. Lipo moja ambalo wiki hiyo nzima nimelizunguka bila kulisema.

Juzi nilipokuwa nakunja nguo za mtoto niliiona chupa. Umeiviringisha katika kipande cha kanga, chini kabisa ya kikapu, chini ya nepi. Niliifungua nikainusa, ijapokuwa sikuwa na haja ya kuinusa. Nikaifunga, nikairudisha vile vile ulivyoiweka. Saumu hakohoi. Tangu tumtoe arobaini sijamsikia akikohoa hata mara moja. Sikuulizi umeinunulia nini, kwa sababu najua. Wala sikuitoa, maana mtoto ni wako, na wewe si msichana wa kupekuliwa tena. Ila nilikaa kitako pale sakafuni, nguo za mtoto mapajani, nikajiambia: hili hakulisoma kwa mwenye duka. Amelisoma kwangu.

Sijui unakumbuka kiasi gani. Sijawahi kukuuliza, na kutokuuliza kwangu kulikuwa na sababu, utaiona.

Ulikuwa darasa la nne. Hatibu, mdogo wako, alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukaa bila kuegemezwa. Baba yako alikuwa akihesabu marobota ya mkonge bandarini kama anavyofanya hata leo, anatoka nyumbani kabla jua halijachomoza, na Hatibu alikuwa mtoto asiyejua usiku. Akilia, baba yako hasemi kitu. Anageukia ukutani tu, anavuta pumzi ndefu. Afadhali angesema. Ile pumzi yake niliisikia kama ya mtu anayenidai.

Na mimi nilikuwa nashona. Cherehani ilikuwa mpya, wanawake wa barabara ya kumi na mbili na za jirani wote walikuwa wakiniletea vitambaa, nami nilikuwa napenda kusifiwa. Mchana nashona, usiku nabembeleza. Nilifika pahali nikawa nazungumza na sindano.

Mwanamke mmoja niliyekuwa nikimshonea gauni aliniona nikisinzia huku napima kiuno chake. Akaniambia, "Bi Asha, unajiua. Nunua dawa ya kikohozi ya watoto, ile nyekundunyekundu, umpe kijiko kidogo. Wangu wote nimewalea nayo."

"Mwanangu hana kikohozi," nikamwambia.

"Nani kakwambia ya kikohozi? Ya usingizi wako wewe."

Nikacheka naye. Kesho yake nikakutuma dukani. Hapo ndipo uliposema, umesimama mlangoni na pesa mkononi, "Mama, nani anakohoa?"

Nikakujibu, "Nenda mwanangu, usiwe na maswali kama karani wa mahakama."

Ulikwenda. Uliileta. Mara ya kwanza nilimpa nusu kijiko cha chai, naye akalala mpaka adhana ya alfajiri. Sitakudanganya katika barua hii, nimeshadanganya vya kutosha: usingizi nilioupata siku ile ulikuwa mtamu kuliko asali. Niliamka nikaiona nyumba yangu kama nyumba ya mtu mwingine, safi, tulivu. Baba yako alipokuwa akivaa viatu akasema, "Leo Hatibu katuhurumia." Mimi nikatabasamu. Uongo wangu wa kwanza haukuwa na neno ndani yake, ulikuwa tabasamu tu.

Ningeishia pale, barua hii isingekuwapo. Lakini kitu kinachotuliza nyumba hakikai kabatini, Mwanahamisi. Nilianza kumpa usiku. Kisha nikampa mchana nikiwa na kazi nyingi. Kisha nikampa mchana nikiwa sina kazi, nataka tu kukaa barazani na wenzangu bila mtoto begani. Chupa ilipokwisha nilikutuma nyingine, na wewe hukuuliza tena. Niliiweka kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo.

Bibi yako alikuwa anakaa nasi wakati ule. Alikuja kutoka Tongoni Hatibu alipozaliwa, akajitandikia kitanda chake cha kamba ukumbini, akasema ataondoka mjukuu akisimama. Unamkumbuka vizuri kuliko mimi ninavyoweza kumweleza, maana ulikuwa hulali mpaka akupapase mgongo. Alikuwa na mizizi yake aliyoichemsha kwenye chungu kidogo, dawa ya mchango, ya tumbo la mtoto lisimsokote. Wajukuu wote aliwapa, na baba yako aliinywa alipokuwa mdogo. Mimi nilikuwa nikiidharau moyoni. Nilijiona mtu wa mjini: dawa yangu ina kizibo, ina karatasi yenye maandishi ya Kizungu, ya mkwe wangu imechimbwa na jembe. Hayo maandishi ya Kizungu sikuweza kuyasoma hata herufi moja, lakini yalinipa kiburi.

Sasa nakuja siku yenyewe.

Kulikuwa na harusi Mabawa. Chama chetu cha lelemama kilialikwa kucheza, na chama cha mahasimu wetu nacho kilikuwa kimealikwa, kwa hiyo unajua lilikuwa jambo la kufa na kupona. Sare niliishona mimi, ya kila mwanamke. Tulikubaliana tuondoke baada ya adhuhuri. Hatibu alikuwa anaota meno, ana joto kidogo, hataki kushikwa wala kuwekwa. Asubuhi bibi yako alikuwa amempa ile dawa yake ya mchango kidogo, kama kawaida. Adhuhuri mimi nilimchukua ndani, nikafunga mlango, nikampa kijiko. Hakulala. Nikasikia wenzangu nje wananiita, "Bi Asha, tunachelewa," na vicheko vyao. Nikampa cha pili. Akatema. Sikujua ametema kiasi gani, nikampa cha tatu, na safari hii kwa kijiko cha wali, kwa sababu kile kidogo kilikuwa kimeanguka chini ya kitanda na mimi nimekwisha kuvaa, sikutaka kupiga magoti na kuichafua sare.

Nimeliandika hilo la kijiko mara moja. Sitaliandika tena, lakini nataka ulijue kama lilivyokuwa. Sikumpa vile kwa kutojua. Nilimpa kwa haraka ya kwenda ngomani.

Nilimlaza kwenye mkeka karibu na bibi yako. "Amesinzia," nikasema, "usimwamshe, usiku hakulala." Na wewe ulikuwa umekaa pale pale unasuka ukili na bibi yako. Uliinua macho ukanitazama. Nikakwepa.

Tulicheza, na tuliwashinda. Niliinuliwa na wenzangu kwa zile sare. Nilipokuwa narudi, jua linakwenda kuzama, nilikuwa bado naimba wimbo wetu njiani.

Bibi yako alikuwa mlangoni, Hatibu yuko mikononi mwake. Hakunisalimu. Alisema, "Mtoto huyu tangu ulipotoka hajageuka. Nimemnyunyizia maji, nimemwita, haamki." Nikamchukua. Kichwa kiliangukia mkononi mwangu kama si chake. Midomo ilikuwa imeiva rangi ya zambarau. Alikuwa anavuta pumzi, kisha hakuna, unasubiri, unasubiri, halafu inakuja nyingine ndogo kama ya mtu anayetaka kusema kitu akaghairi.

Baba yako alitokea bandarini wakati huo huo. Jirani mwenye gari alitupeleka hospitali. Wewe ulipanda bila kuambiwa, ukashika pindo la buibui langu njia nzima. Bibi yako alibaki nyumbani, anaswali.

Daktari alimfunua mtoto macho kwa kidole, akayamulika. Akaniuliza kwa Kiswahili cha taratibu, "Mama, mtoto huyu amepewa dawa gani leo?"

Baba yako alikuwa kushoto kwangu. Wewe ulikuwa kulia, mkono wako bado umeshika buibui. Droo ya cherehani niliiona mbele ya macho yangu waziwazi, vifungo na chupa. Nikafungua kinywa, na kilichotoka ni hiki: "Bibi yake humpa mizizi ya mchango."

"Mizizi gani?"

"Sijui. Anaichemsha mwenyewe."

"Hakuna dawa yoyote ya dukani? Ya kikohozi, ya homa? Fikiri vizuri, mama."

"Hakuna," nikasema.

Mara mbili, mwanangu. Mara ya kwanza naweza kusema ni hofu, ulimi uliteleza. Mara ya pili daktari alinifungulia mlango nao niliuona uko wazi, nikaufunga kwa mkono wangu. Mtoto wangu yuko mezani anakaribia kukata roho, na aliyejua kilicho tumboni mwake ni mimi, nami nikamwambia daktari hakuna. Kama Hatibu yuko hai leo, ni kwa rehema ya Mungu na ukaidi wa yule daktari, si kwa msaada wa mama yake.

Nilikuangalia baada ya kusema. Nawe ulikuwa unaniangalia. Sikukuambia nyamaza, wala sikukufinya. Nilikutazama tu, na wewe, mtoto wa darasa la nne, ukaelewa unachotakiwa, ukainamisha kichwa, ukaliachia buibui langu.

Walimsafisha tumbo, wakamtia dawa ya sindano, wakakaa naye wakimpigapiga nyayo asisahau kuvuta pumzi. Mimi nilikaa sakafuni nje ya mlango nikiwa bado na asumini kichwani. Siku iliyofuata, mchana, nilisikia kilio. Kilikuwa chembamba, cha hasira, kile kile kilichokuwa kinaniudhi. Nilisujudu pale pale kwenye sakafu ya hospitali. Nikaweka nadhiri kwamba mtoto huyu akilia hata mwaka mzima sitamzima tena. Nadhiri hiyo nimeitimiza. Lakini sikuweka nadhiri ya kusema kweli.

Yaliyotokea nyumbani usiku wa kwanza uliyasikia wewe, sikuyasikia mimi, kwa sababu baba yako alirudi nawe mimi nikabaki na Hatibu. Aliniambia baadaye mwenyewe, huku anatazama chini. Alimwambia mama yake, "Mama, nyumba hii ni yako, kuja utakuja. Lakini mwanangu usimpe tena kitu. Hata maji."

Hata maji. Kwa mama aliyemzaa.

Bibi yako hakujitetea. Asubuhi alikunja mkeka wake, akachukua chungu chake, akapanda basi la Tongoni. Niliporudi kutoka hospitali nilikuta kitanda cha kamba kimesimamishwa ukutani. Wewe ulikuwa umekaa chini yake. Nikakuuliza umekula, ukasema ndiyo. Nikaingia chumbani, nikaichukua chupa kwenye droo, nikaimwaga chooni na chupa yenyewe nikaitumbukiza. Nilidhani nimemaliza.

Tangu siku ile bibi yako alikuja kwetu sikukuu tu. Alikuwa akikaa karibu na mlango kama mgeni aliyekuja kuuliza njia, mikono ameiweka mapajani. Hatibu alipoanza kutembea alimpenda bila kujua lolote, alikuwa akimkimbilia na kumpandia magotini. Na bibi yako, badala ya kumshika, alikuwa akiita, "Mama Hatibu, njoo mchukue mwanao." Nami nilikuwa nakwenda kumchukua. Miaka yote ile, mwanangu, nilikuwa nakwenda, namtoa mtoto kwenye magoti ya bibi yake asiye na kosa, na natabasamu.

Hatibu alichelewa kutembea, alichelewa kusema. Mwalimu wake anasema ni mtoto mzuri ila mzito. Huenda Mungu kamuumba hivyo, wapo wazito waliozaliwa na mama wakweli. Huenda ni kijiko kile. Sitajua. Kila anapoulizwa jambo akakaa kimya kidogo kabla ya kujibu, mimi moyo hunishuka, halafu anajibu, nami naendelea na kazi.

Mwaka jana bibi yako alipougua nilikwenda Tongoni kumuuguza. Ulikuwa umekwisha olewa, una mimba changa, ndiyo sababu nilikukataza kuja. Siku ya tatu au ya nne, nimemkanda miguu kwa maji moto, nikashindwa. Nikamwambia yote. Lelemama, kijiko, daktari. Nilisema nimeinamia beseni, sikuweza kumtazama.

Nilipomaliza akasema, "Nilijua."

"Ulijuaje, mama?"

"Si nilimpakata mimi mchana kutwa? Kinywa chake kilinuka pombe na pipi. Mizizi yangu hainuki hivyo."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Nimwambie mwanangu? Namjua, angekuacha siku ile ile. Watoto wale wangelelewa na mama wa kambo, na mimi mzee. Nikaona bora nisemwe mimi, mimi nina kwangu pa kwenda."

Nikalia, nikamwomba radhi. Kuku walikuwa wanapekua mchanga nje ya dirisha. Kisha akasema, "La mtoto nimekusamehe, hukumkusudia. Lakini mlininyima wajukuu. Hilo usinihimize. Niache nalo kwanza."

Nikasema sawa, mama.

Akaongeza, "Na yule Mwanahamisi ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu."

"Asubuhi ninaondoka alinishika mkono mpaka kwenye basi. Kila nikimtazama anafungua mdomo, anafunga. Mtoto yule alikuwa na kitu kooni. Usimwache akazeeka nacho."

Wiki chache baadaye alifariki. Nilikuwa nimerudi Tanga kwa siku mbili kumtazama Hatibu, habari ikanikuta hapa. Kwa hiyo lile alilosema nimwache nalo kwanza, limebaki pale alipoliacha. Sitalisikia jibu lake duniani.

Ndiyo maana nakuandikia, Mwanahamisi. Kwanza, kukuambia lile la dukani na la hospitali halikuwa lako. Ulikuwa mtoto, ulitumwa ukaenda, ulitazamwa ukanyamaza. Kama umekuwa ukilibeba, nimelibebesha mimi, na leo naomba unirudishie. Nimekuona ulivyo mtu wa maneno machache. Watu wananisifu, wanasema umemlea vizuri, ana haya. Mimi nikisikia hivyo natafuta kazi ya kufanya.

Pili, hiyo chupa. Sitakuambia itupe. Najua unakokwenda: mji wa baridi, mume mchana kutwa yuko stesheni na zamu nyingine usiku, nyumba ya vyumba viwili, hapana mama wala shangazi wala bibi wa kumpokea mtoto ukichoka. Najua utakavyokaa na Saumu analia, na wewe unalia, na unawaza majirani wanasema nini nyuma ya ukuta. Wakati huo mkono utakwenda kikapuni wenyewe. Wangu ulikwenda. Ninachoweza kukuambia ni nilichokiona tu: kwamba kijiko cha kwanza hakimdhuru mtu, na hiyo ndiyo hatari yake. Na kwamba mimi, siku ile ya harusi, nilipewa ukimya nilioutaka, nikaona ulivyo.

Mlaze Saumu chini alie, utoke nje uani, upige fatiha, urudi. Mgongee jirani hata kama hamjuani lugha, umtie mtoto mikononi. Hakuna mwanamke asiyejua maana yake. Mumeo akivuta pumzi na kugeukia ukutani, mwamshe, mpe mtoto. Mimi sikuwahi kumpa baba yako mtoto usiku hata mara moja. Nilidhani ni heshima. Ikikushinda kabisa, mwambie mumeo Bakari anipigie simu ya maandishi pale pale stesheni kwake, nitapanda garimoshi la kwanza. Wala usione aibu. Nitaona raha, mwanangu, kuitwa kwa sababu mtoto analia.

Lipo la mwisho, na hili ni la leo. Nilipoanza kuifikiria barua hii niliona siwezi kukuandikia wewe kweli huku baba yako nalala naye juu ya uongo. Leo baada ya alasiri, ulipokwenda kuagana na shoga zako, nilimwita chumbani nikamwambia. Nilisimama, yeye amekaa. Sikupunguza kitu. Nilimwambia na la kijiko.

Hakufoka. Ningependa angefoka. Aliniuliza jambo moja tu: "Mama alijua?"

Nikasema, "Alijua. Tangu siku ile."

Alichukua kofia yake akatoka. Magharibi aliswali msikitini, na isha vile vile. Wewe uliniuliza baba yuko wapi, nikakwambia ana mazungumzo. Alirudi wakati umekwisha kuingia kulala, akanikuta na kalamu hii mkononi. Akauliza, "Unamwandikia yeye?" Nikasema ndiyo. Akakaa kitandani, akavua kofia, akaishika magotini kwa muda.

"Mwandikie," akasema, "maneno yale kwa mama niliyasema mimi. Wewe hukuwepo. Ningeweza kumuuliza mama yangu swali moja kabla sijamhukumu, nami sikumuuliza. Mtoto alikuwa amesimama pale ananisikia. Mwandikie na hilo."

Nikamuuliza, "Nimwandikie kwamba umenisamehe?"

Akafikiri. Baba yako si mtu wa kusema kitu ili kimalizike.

"Mwandikie sijui," akasema. "Mwandikie kesho tutakwenda wote wawili kumsindikiza, na tukirudi tutakwenda Tongoni, kaburini. Zaidi ya hapo sijui."

Basi nimekuandikia alivyosema. Ukituona kesho pale stesheni tumesimama mbalimbali kidogo, hatuongei, usidhani ni kwa ajili ya kuondoka kwako peke yake. Nenda na Mungu, mwanangu, wewe na mwanao. Mimi ninayekupenda na kukuomba radhi,

Mamako, Asha